SOMO LA KUMI NA NNE: KUCHAGUA NJIA YA KUKATA BATI NA BAMBA

  Maneno haya ya darasa letu la redio yamepigwa chapa ili mpate kuyasoma darasani polepole, baada ya kuyasikia. Mahali palipoandikwa TUA, msomaji na apumzike, na darasa lijibu swali kabla ya kuendelea.

Leo tutazungumza juu ya kukata bati na mabamba ya chuma. Labda utasema, "Mimi si fundi. Somo hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Siku utakapoezeka nyumba, au kuagiza geti, au kutaka kibao cha duka lako, ni wewe utakayelipa. Fundi akikata vibaya, yeye hukunja mkoba wake akaenda zake, nawe hubaki na kutu juu ya kichwa chako kwa miaka mingi. Na kama wewe mwenyewe ndiwe fundi, basi jambo hili ni la macho yako, vidole vyako na mapafu yako.

MASWALI MATANO YA KUJIULIZA

Watu wengi hushika chombo kwanza, kisha ndipo hufikiri. Huo si utaratibu mwema. Chombo kilicho karibu si lazima kiwe ndicho kifaacho. Kabla ya kukata kitu chochote, jiulize maswali haya matano.

Swali la kwanza: Ni madini gani? Chuma cha kawaida hushikwa na sumaku, na kikipata maji huota kutu nyekundu. Alumini ni nyepesi, wala haishikwi na sumaku. Bati la kuezekea ni chuma chembamba kilichovikwa zinki, au zinki iliyochanganywa na alumini, na mengine yamepakwa rangi juu yake. Tena kuna chuma kisichoshika kutu, kile cha masinki ya jikoni na vyombo vya hospitali. Madini haya hayakatwi kwa njia moja.

Swali la pili: Unene wake ni kiasi gani? Bati la kuezekea hupimwa kwa geji. Kumbuka jambo hili, maana huwadanganya watu wengi dukani: namba ya geji ikiwa kubwa, bati huwa jembamba. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Geji 30 ni karibu milimita 0.3 tu. Bamba la geti huwa milimita moja, moja na nusu, au mbili. Bamba la mashine laweza kuwa milimita 10, 20 au zaidi.

Swali la tatu: Wataka umbo gani? Mstari ulionyoka ni jambo moja. Duara, ua, au maandiko ni jambo jingine.

Swali la nne: Ukingo utakuwaje? Ukingo utakaofichwa chini ya kofia ya paa hauhitaji uzuri. Ukingo utakaoshikwa na mikono ya watoto kila siku lazima uwe laini.

Swali la tano: Vipande ni vingapi, na una fedha kiasi gani? Kipande kimoja chaweza kukatwa kwa mkono. Vipande mia vilivyo sawasawa vyataka mashine.

TUA. Je, bati la geji 32 na la geji 28, lipi ni nene zaidi? Mmoja wenu aseme, na mwingine aeleze sababu.

MKASI WA BATI

Sasa tuanze na chombo cha kale na cha bei nafuu: mkasi wa bati. Mkasi una faida tatu. Hautoi moto, hautoi vumbi, wala haupotezi madini yoyote. Huyatenga tu, kama mtu anayepasua kitambaa.

Mikasi ya kisasa yenye mipini ya rangi si ya urembo tu. Desturi yake ni hii: mpini mwekundu ni wa kukata huku ukipinda kushoto, mpini wa kijani ni wa kupinda kulia, na mpini wa manjano ni wa kukata moja kwa moja. Ukiwa na mkasi wa kulia nawe wataka kupinda kushoto, utalazimisha, na bati litajikunja.

Usifunge midomo ya mkasi mpaka mwisho kila unapokata. Ukiifunga yote, ncha huacha alama na kingo zenye meno. Simama kabla ya mwisho, sogeza mbele, kisha kata tena.

Katika karakana kubwa kuna mkasi mwingine, ndiyo mashine yenye kisu kirefu kinachoshuka juu ya bati lote kwa mara moja. Mashine hiyo hukata haraka na kwa mstari ulionyoka kabisa. Lakini hukata kutoka ukingo mpaka ukingo tu. Haiwezi kutoboa dirisha katikati ya bamba, wala kukata duara.

MSUMENO WA CHUMA

Msumeno wa chuma hufaa kwa bomba, nondo, na mabamba yasiyo membamba sana. Meno yake yaelekee mbele, upande usiko na mpini, kwa sababu msumeno huu hukata unaposukumwa. Unapourudisha, usiugandamize.

Ubapa wa msumeno huwa na namba: 18, 24 au 32. Hiyo ni hesabu ya meno katika inchi moja. Kanuni ni hii: meno matatu, kwa uchache, yawe yamegusa chuma wakati wote. Yakiwa machache, chuma huingia kati ya jino na jino, na meno huvunjika.

Tupige hesabu. Inchi moja ni milimita 25.4. Gawanya kwa meno 18, utapata karibu milimita 1.4 kwa kila jino. Meno matatu ni milimita 4.2. Basi msumeno wa meno 18 wataka chuma cha unene wa milimita 4 au zaidi. Msumeno wa meno 32 una jino moja katika kila milimita 0.8, na meno matatu ni milimita 2.4.

Je, bati la milimita moja litakatwaje kwa msumeno? Libane kati ya mbao mbili nyembamba katika jiliwa, kisha kata mbao na bati pamoja. Au lalisha msumeno, ili meno mengi zaidi yaguse ukingo. Lakini kwa bati la kuezekea, weka msumeno chini, shika mkasi.

JIWE LA KUKATIA

Sasa tufike kwenye chombo kinachopendwa kuliko vyote, nacho ni mashine ya mkononi yenye jiwe la kukatia. Mafundi huiita grainda. Ni nyepesi, ni ya haraka, na hukata chuma cha kawaida bila shida. Ukipita Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji jijini Nairobi, utaisikia sauti yake mchana kutwa. Kwa nondo, chuma cha pembe na bomba la geti, ni chombo chema.

Lakini kwa bati la kuezekea, jiwe ni adui. Sikiliza sababu zake.

Bati limevikwa zinki kwa makusudi. Maji na hewa vikija, zinki hukubali kuliwa kwanza, na chuma husalimika. Hata ukingo uliokatwa kwa mkasi, ambao chuma chake kiko wazi, hulindwa na zinki iliyo kando yake, kwa kuwa bati ni jembamba na zinki iko karibu. Lakini zinki huyeyuka kwa joto la nyuzi 420 za sentigredi tu. Jiwe linapokata hutia joto kali, na zinki na rangi zilizo karibu na ukingo huungua. Ukingo hubaki bila mlinzi.

Tena zile cheche nzuri uzionazo zikiruka ni chembe za chuma zenye moto. Zikianguka juu ya bati jipya, hujichimbia katika rangi na kukaa humo. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila chembe hugeuka kuwa doa la kutu. Baada ya muda mfupi, paa lako jipya litakuwa na madoadoa, nawe utasema, "Mwenye duka ameniuzia bati bovu." Kumbe bati lilikuwa zima. Aliyeliua ni aliyelikata.

Kwa hiyo fundi wa paa akija na grainda, mwambie kwa adabu, "Fundi, naomba ukate kwa mkasi." Na akishatoboa matundu ya misumari, bati lifagiwe siku ile ile, ili vumbi la chuma lisilale juu yake.

Chuma kisichoshika kutu nacho kina masharti yake. Kikikatwa kwa jiwe lililokwisha kukata chuma cha kawaida, chembe za chuma hicho hubaki juu yake na kuota kutu. Tafuta jiwe lililoandikwa INOX, na ulitumie kwa kazi hiyo tu. Alumini ni laini, nayo hulijaza na kuliziba jiwe la kawaida. Ni afadhali kuikata kwa msumeno au mkasi.

SOMA MAANDISHI YA JIWE

Ndugu msomaji, hapa kujua kusoma kwaweza kuokoa maisha yako. Kila jiwe la kukatia lina maandishi. Soma kwanza upana wake. Kisha soma mwendo wake wa mwisho, yaani ni mizunguko mingapi kwa dakika moja ambayo haipasi kupitwa.

Jiwe dogo la milimita 115 kwa desturi huandikwa mizunguko karibu 13,300. Jiwe kubwa la milimita 230 huandikwa karibu 6,600. Kwa nini kubwa lina namba ndogo? Kwa sababu katika mzunguko mmoja, ukingo wa jiwe kubwa husafiri njia ndefu zaidi. Yote mawili yametengenezwa ili ukingo wake usipite mita 80 kwa sekunde moja, yaani kilomita 288 kwa saa. Hilo ni zaidi ya mwendo wa karibu motokaa zote njiani.

Sasa wako mafundi ambao huondoa kinga ya mashine ndogo, wakafunga jiwe kubwa la milimita 230, ili wakate kwa kina zaidi. Mashine ndogo huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Tupige hesabu: ukingo wa jiwe hilo utakwenda mita 132 kwa sekunde moja. Limetengenezwa kwa mita 80! Jiwe hilo laweza kupasuka wakati wowote, na vipande vyake huruka kwenye uso na shingo ya mwenye kulishika. Kinga iliyotolewa ndiyo ingevizuia.

Basi, shika haya: usiondoe kinga, usitumie jiwe lililopasuka, lililolowa, au ambalo tarehe yake imepita, na usikate bila miwani ya kazi. Chembe ya moto ikiingia jichoni hailipiwi kwa ujira wa siku moja.

TUA. Leteni jiwe la kukatia darasani, kama lipo. Mmoja asome upana, mwingine asome mizunguko, mwingine atafute tarehe.

GESI, UMEME NA MWANGA

Sasa tutazame njia za moto.

Kwanza ni gesi. Watu wengi hudhani kwamba tochi ya gesi huyeyusha chuma. Sivyo. Mwali hukipasha chuma moto mpaka kiwe chekundu cha kung'aa, karibu nyuzi 900. Kisha fundi hufungua oksijeni tupu, na chuma chenyewe huungua ndani ya oksijeni hiyo kama kuni. Majivu yake ni ile takataka nyeusi inayotiririka. Nayo huyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 1,400, kabla ya chuma chenyewe, ambacho huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Kwa hiyo takataka hupulizwa ikatoka, na njia huwa wazi.

Ukiyafahamu hayo, utajua mara moja kwa nini gesi haikati alumini. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, lakini ganda lake la nje, yaani kutu yake nyeupe, haliyeyuki mpaka zaidi ya nyuzi 2,000. Ganda hubaki limefunga njia, na alumini ya ndani hudondoka ovyo. Chuma kisichoshika kutu nacho hujivika ganda la namna hiyo. Basi gesi ni ya chuma cha kawaida, tena kinene. Bamba la milimita 50 au 100 hukatwa vema. Bati jembamba hujipinda kama jani lililokauka.

Pili ni plazma. Plazma ni hewa au gesi iliyopitishwa umeme mkali mpaka ikawa na joto la maelfu mengi ya nyuzi. Robert Gage wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa tochi ya namna hii mwaka 1957. Plazma haitegemei chuma kuungua. Huyeyusha na kupuliza. Kwa hiyo hukata madini yoyote yapitishayo umeme: chuma, alumini, shaba, na chuma kisichoshika kutu. Haikati mbao, kioo wala plastiki. Yataka umeme wa kutosha na kompresa yenye hewa kavu. Kwa karakana ya mageti ni chombo chema, ingawa ukingo wake wataka kupigwa tupa kidogo.

Tatu ni leza. Leza ni mwanga uliokusanywa mahali padogo sana, kama vile mtoto anavyochoma jani kwa kioo cha kukuzia juani. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967, Peter Houldcroft wa Uingereza alikata bamba la chuma la milimita moja kwa leza iliyosaidiwa na oksijeni. Siku hizi leza huongozwa na kompyuta. Mkato wake ni mwembamba sana, hata sehemu mbili za kumi za milimita, na ukingo wake ni safi. Kwa maua, nyota na maandiko kwenye mabamba membamba, hakuna ishindayo leza.

Nne si moto, ni maji. Maji hugandamizwa kwa nguvu kama mara 4,000 ya mgandamizo wa hewa tunayoivuta, yakatolewa katika tundu dogo pamoja na mchanga mgumu. Maji hayo hukata chuma, marumaru, vigae na kioo. Faida yake kubwa ni kwamba hayatii joto: chuma hakijipindi, wala rangi haiungui. Ubaya wake ni gharama, tena hayaharakishi.

MOSHI MWEUPE

Neno moja juu ya moshi. Bati la zinki likichomwa kwa gesi, plazma au kuchomelewa, hutoa moshi mweupe. Mwenye kuuvuta hujiona mzima mchana, lakini jioni hushikwa na baridi, homa, kiu na maumivu ya viungo, kama mwenye malaria. Hiyo ni homa ya zinki. Mafundi wengine hunywa maziwa ili kujikinga. Maziwa ni chakula chema, lakini huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Havikutani. Kinga ya kweli ni kufanya kazi penye upepo, kukaa upande utokako upepo, na kuondoa zinki kwanza mahali pa kuchomea.

Tena, usikate kamwe pipa lililowekwa petroli, mafuta au rangi, kwa moto wala kwa jiwe. Hata likionekana tupu, ndani mna mvuke. Cheche moja ikiingia, pipa hulipuka kama bomu. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Kazi hiyo ni ya wenye vifaa vya kuondoa mvuke wote.

PANELI ZA KUTA

Katika miji yetu sasa kuna majumba yaliyovikwa paneli zenye kung'aa. Nyingi ni bati mbili nyembamba sana za alumini, na katikati yake plastiki au mchanganyiko mwingine, unene wote ukiwa milimita 3 au 4. Paneli hizi hazikatwi kwa moto, maana plastiki ya ndani huyeyuka na kutoa moshi. Hukatwa kwa msumeno wa meno madogo, au kwa mashine yenye kisu kinachozunguka. Wakitaka kuikunja, mafundi huchimba mfereji upande wa nyuma, wakabakiza bati la mbele, kisha huikunja kwa mkono.

Lakini kabla ya kuuliza itakatwaje, uliza ndani yake mna nini. Tarehe 14 Juni 2017, jumba la Grenfell Tower huko London liliungua usiku, na watu 72 walikufa. Uchunguzi wa serikali ulieleza mwaka 2019 kwamba sababu kubwa ya moto kuenea upesi ilikuwa ni paneli za nje, zenye alumini pande zote mbili na plastiki iwakayo katikati. Kwa macho, paneli iwakayo na ile isiyowaka hufanana. Tofauti huonekana kwenye ukingo uliokatwa na katika karatasi za kiwanda. Basi mwenye kukata ndiye aonaye ndani kwanza. Akiona plastiki mahali palipoagizwa kitu kisichowaka, na aseme.

HESABU YA MKATO

Kila mkato hula madini, isipokuwa wa mkasi. Tuone mfano.

Una bamba la urefu wa milimita 2,440. Wataka vipande 10 vya milimita 244 kila kimoja. Mara 10 ya 244 ni 2,440 kamili. Je, bamba linatosha?

Kupata vipande 10, utakata mara 9. Jiwe lenye unene wa milimita 3 litakula 9 mara 3, yaani milimita 27. Kipande chako cha mwisho kitapungua milimita 27. Umeharibu. Leza itakula karibu milimita 2 kwa jumla. Mkasi wa karakana hautakula kitu. Basi kabla ya kununua bamba, ongeza chakula cha mkato katika hesabu yako.

HERUFI ZINAZODONDOKA

Tumalize kwa jambo litakalowafurahisha wenye kujifunza kuandika. Mtu mmoja ataka kibao cha chuma chenye maneno DUKA LA DADA, herufi zikiwa matundu, ili mwanga wa taa upite. Tazama herufi D. Ukikata mstari wa nje na mstari wa ndani, kile kipande cha katikati kitashikwa na nini? Hakishikwi na kitu. Kitadondoka, na D itakuwa tundu tupu. Ni vivyo hivyo kwa A, B, O, P na R, na kwa tarakimu 0, 4, 6, 8 na 9.

Dawa yake ni kuacha daraja dogo la chuma, ili sehemu ya ndani ishikamane na ya nje. Herufi U, K na L hazina shida hiyo. Sheria hii ni ya maua ya milango na madirisha pia: kila kipande kitakachobaki lazima kishikwe na kingine. Tena matundu yasiwe madogo kuliko unene wa bamba. Chora mchoro wako kwanza kwenye karatasi, ukate kwa wembe, kisha inua karatasi. Kitakachoanguka kwenye karatasi kitaanguka na kwenye chuma. Karatasi ni rahisi. Bamba ni ghali.

KUFUNGA SOMO

Bati la kuezekea, kata kwa mkasi. Bomba na nondo, kwa msumeno au jiwe. Chuma kinene cha kawaida, kwa gesi. Alumini na chuma kisichoshika kutu, kwa msumeno au plazma. Maua na maandiko kwenye bamba jembamba, kwa leza. Kitu kisichotaka joto kabisa, kwa maji, kama fedha ipo. Na juu ya yote, soma kilichoandikwa kabla ya kuwasha.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI
Bamba, geji, jiliwa, kinga, mkato, ukingo, unene, zinki.

MASWALI
1. Kwa nini jiwe la kukatia huharibu bati la kuezekea? Toa sababu mbili.
2. Kwa nini gesi haiwezi kukata alumini?
3. Una bamba la milimita 1,220. Wataka vipande 4 vya milimita 305. Jiwe lako lina unene wa milimita 2. Je, bamba litatosha? Onyesha hesabu.
4. Andika jina lako kwa herufi kubwa. Ni herufi zipi zitataka daraja?
5. Jirani yako ataka kukata pipa la petroli alifanye tangi la maji. Utamwambia nini? Andika sentensi tatu.

Mwalimu wa darasa asahihishe majibu, na wenye kukosea wasaidiwe na wenzao. Mpaka juma lijalo, kwaherini.